Jinsi Salha wa Sombetini Alivyoyakomboa Maziwa Mnyororoni

Kaeni kitako, enyi mnaokunywa chai ya maziwa bila kuuliza maziwa yametoka wapi! Wekeni vikombe chini, zimeni redio, mwambieni jirani anayepigilia misumari asubiri, maana hii si habari ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia vita vya majemadari na kuanguka kwa miji yenye kuta. Hapa inasimuliwa vita vya keni za maziwa zilizosimama juani, na vya rekodi iliyokwama katikati ya mnyororo, na vya mwanamke mmoja, Salha binti Hatibu, Mbeba Kompyuta Mgongoni, Mvaa Gambuti Chini ya Baibui, aliyemfuatilia adui asiyeonekana mpaka akamkamata kwa mkono wake wa kuume.

Nawe Meru, mlima uliyebomoka ubavu mmoja ukakataa kuanguka, toa ushahidi! Ulikuwepo, na siku ile wingu lilikuwa limekutoka, kwa hiyo usiseme hukuona.

Kwanza ijulikane chanzo cha vita. Katika mteremko wa magharibi wa mlima huo, juu ya mji wa Arusha, wako wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu zizini na mahindi nyuma ya nyumba, na watu hao walikuwa na chama chao, Chama cha Maziwa Naserian. Mnunuzi wao alikuwa Bwana Iqbal, mwenye kiwanda kidogo cha mtindi huko Moshono, mtu wa maneno machache na pua ambayo maziwa yenyewe yaliiogopa. Miaka mingi pande hizo mbili ziliishi kwa kushutumiana. Iqbal alisema maziwa yanatiwa maji mlimani. Chama kilisema maji yanatiwa kiwandani. Kila upande ulikuwa na daftari lake, na kila daftari lilikuwa na kifutio chake.

Ndipo akaitwa Salha, ambaye alikuwa na stashahada ya kompyuta na ulimi usiozunguka mbuyu, naye akawaletea mfumo wa blokucheni, ambao wanachama waliuita kwa kifupi Mnyororo. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Asubuhi maziwa yakishapimwa kituoni, kiasi chake na jina la mfugaji huandikwa kwenye simu, na rekodi hiyo huruka papo hapo hadi kwenye simu za mashahidi wanne. Wowote watatu kati yao wakibonyeza kitufe cha THIBITISHA, rekodi hugeuka kijani na kufungwa katika bloku. Bloku hiyo hutiwa pingu na bloku ya jana, na ya jana na ya juzi, na nakala hukaa kwa kila mmoja, hata kwa Iqbal, wala hakuna binadamu mwenye kifutio, wembe au mjomba serikalini awezaye kubadili herufi moja. Lakini watatu wasipotimia, rekodi hubaki njano, imeandikwa INASUBIRI. Na kwa mkataba wa chama na Iqbal, rekodi ikiwa njano, hakuna keni inayopanda gari.

Mashahidi wenyewe wajulikane, maana ndio uwanja wa vita. Alikuwepo Pudensiana, mkuu wa kituo, Mwenye Sauti ya Kuzima Jenereta, ambaye ndiye aliyepima maziwa. Alikuwepo Gerson, dereva wa pikapu ya chama, Mpanda Matope Asiyesukumwa. Alikuwepo Naipanoi, mfugaji, Mkamuaji wa Ng'ombe Mwenye Teke. Na juu yao wote alikuwepo Babu Lesian, baba mkubwa wa Naipanoi na mzee wa kijiji kizima, Fimbo Iliyonyooka, ambaye akikohoa mikutano hunyamaza, na ambaye wajukuu walimnunulia simu janja aliyoivaa shingoni kwa kamba, kama medali.

Siku ya kuuzindua Mnyororo, Salha alisimama mbele ya wanachama akaapa. "Kufumba na kufumbua," alinena, "rekodi itakuwa imepita, na maziwa yenu yatafika Moshono yangali na joto la ng'ombe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Ole wake aapaye mbele ya wanawake wenye kumbukumbu!

Kwa maana haikuwa hivyo. Rekodi ilitoka kituoni alfajiri, ikawa njano, ikabaki njano. Jua likapanda. Keni zikapata joto. Wafugaji walizifunika kwa majani ya migomba na kuzimwagia maji kwa nje, huku wakimwangalia Salha kwa macho ambayo hayakuhitaji tafsiri. Adhuhuri ikapita. Kisha, bila sababu, ti! Rekodi ikawa kijani, na Gerson akateremka mbio na maziwa yaliyokwisha kuanza kununa. Kesho yake yale yale. Keshokutwa yale yale.

Simu ikalia.

"Salha."

"Naam, Bwana Iqbal. Shikamoo."

"Marahaba. Maziwa yako yamefika yakijiona mtindi. Sasa mtindi natengeneza mimi, hautengenezwi barabarani."

"Ni ucheleweshaji wa muamala tu, Bwana Iqbal. Naufuatilia."

"Ufuatilie upesi. Nangoja Jumamosi. Jumamosi yakija yamekatika, Jumapili msilete. Kuna watu wa upande wa Makumira wananibembeleza kila siku, na wao hawana mnyororo, wana gari tu."

Akakata. Hapo ndipo mambo yalipofikia. Jumamosi ikiharibika, Naserian wangerudi kubeba maziwa kwenye ndoo, nyumba hadi nyumba, wakiuza kwa bei ya huruma; na Salha, mwenye kiapo, angerudi kwenye duka la dada yake kutoa fotokopi za vyeti vya watu wengine. Nyumbani Sombetini hakupata faraja, maana mama yake, Mwanahalima, hakuwa mtu wa kugawa faraja bure.

"Nimekusomesha kompyuta," alisema Mwanahalima huku akichambua mchele, "ukaenda kupelekeshwa na ng'ombe?"

"Si ng'ombe, mama. Ni mtandao."

"Basi huo mtandao una pembe."

Salha akajifunga kibwebwe. Kwanza aliushambulia mnara wa simu. Alipanda mlima akiwa na kompyuta mgongoni, akapita katikati ya migomba na mbwa wasiopenda wageni, akasimama chini ya mnara na kuupima, naye mnara ukaonekana hauna hatia. Mtandao ulikuwa umejaa kama kisima cha masika. Akaugeukia umeme. Umeme nao, kwa jambo lililowashangaza hata majirani, haukuwa umekatika. Akazishambulia simu za mashahidi, akazifungua, akazisafisha, akafuta picha za harusi zilizojaza simu ya Gerson mpaka Gerson akalia. Zote zilikuwa nzima. Akautazama Mnyororo wenyewe, pete kwa pete, nao haukuwa na kutu.

Basi akafanya walivyofanya babu zake wafugaji, ng'ombe anapopotea porini kila jioni: alimfunga ng'ombe kengele. Aliandika programu ndogo, akaifunga kwenye shingo ya rekodi, ili kila mahali rekodi ipitapo ilie, naye aisikie inakwenda wapi na inalala wapi. (Ni kweli babu zake Salha walikuwa wauza nguo, si wafugaji. Lakini shujaa hupewa babu wanaomfaa.)

Asubuhi iliyofuata kengele ikalia. Rekodi ilitoka kituoni, ikaruka bonde, ikazifikia simu zote nne kabla Pudensiana hajafuta mikono. Kisha kimya. Haikurudi nyuma wala haikupotea njia. Ilifika kwa watu wanne, ikapiga hodi, na watu wanne wakaiacha mlangoni.

Salha akaelewa. Adui hakukaa mnarani wala ndani ya nyaya! Alikuwa amejenga ngome mahali pembamba kuliko pote duniani, kati ya jicho la mtu na kidole gumba chake.

Akawaendea mashahidi mmoja mmoja, akiwa amekaza uso kama karani wa mahakama. Alimkuta Gerson ndani ya pikapu iliyosimama kituoni, akila muwa.

"Kaka Gerson, rekodi imekufikia?"

"Imefika, dada. Asante sana."

"Mbona hujabonyeza?"

"Mikono iko kwenye usukani."

"Gari limezimwa. Na mkono mmoja uko kwenye muwa."

"Dereva haachii usukani hivi hivi, dada," alisema Gerson kwa heshima kubwa. "Gari lina wivu."

Naipanoi alisema vidole vyake vina maziwa na simu inateleza. Alipoletewa kitambaa alisema kitambaa hicho ni cha kufutia keni. Pudensiana naye alisimama juu ya mizani yake kama mnara wa pili.

"Mimi nimepima!" alinguruma. "Nipime mimi, niandike mimi, nithibitishe mimi, na nyinyi mfanye nini? Mnywe?"

Salha aliwaamini kama mtu anavyomwamini mtoto aliyesimama pembeni ya sukari iliyomwagika. Alirudi kwenye kompyuta yake akakaa juu ya keni tupu, akazisoma kumbukumbu za Mnyororo za majuma yote, akaona maajabu mawili. La kwanza: wale watatu hawakubonyeza kwa kupishana, bali kwa pamoja, baada ya adhuhuri, kama ndege kwarara wanaoruka mtini kwa mshtuko mmoja. La pili: kila siku ya mnada wa mifugo rekodi ilipita asubuhi na mapema, bila kuguswa na jua, kwa kasi ile ile aliyoiapia.

Siku ya mnada kuna nini? Nani huenda mnadani? Akatazama orodha ya mashahidi kwenye skrini, na pale, pembeni ya jina la Babu Lesian, akakiona kile kitone kidogo cha kijani kinachoonyesha kwamba simu ya mtu iko hewani. Siku ya mnada Babu alikuwa na ng'ombe zake kule bondeni ambako mtandao haufiki. Kitone kilikuwa kimezimika. Na siku nyingine zote, baada ya adhuhuri, kitone kilizimika pia, na katika pumzi hiyo hiyo vidole vitatu vilishuka.

"Da Pude," alisema Salha, akiwa amesimama mbele ya mizani, safari hii kwa sauti ya chini. "Mnamngoja Babu."

Pudensiana alitazama kulia. Akatazama kushoto. Ile sauti ya kuzima jenereta ikawa sauti ya kubembeleza mtoto.

"Sasa wewe mtoto wa mjini ulitakaje? Ukibonyeza, jina linatokea juu pale, kila mtu anaona. La kwanza nani, la pili nani. Na umetuambia mwenyewe halifutiki! Yaani milele na milele iandikwe Pudensiana amemtangulia Babu Lesian? Hata kunawa mikono siwezi kumtangulia."

"Lakini akizima simu mnabonyeza."

"Akizima si hayupo? Mtu asipokuwepo mezani watu wanakula."

"Na maziwa yanachachuka."

"Yanachachuka," alikiri Pudensiana kwa uchungu wa kweli, "lakini kwa adabu."

Lahaula! Hivi ndivyo mtambo uliobuniwa na mabingwa wa hesabu wa dunia, usioweza kuvunjwa na wezi wa mabara yote, ulivyofungwa breki na adabu njema ya watu watatu. Salha hakubisha. Alipandisha gambuti zake, akakwea hadi kwenye boma la Babu Lesian, akamkuta kwenye kigoda, simu shingoni, macho mlimani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti wa mjini. Karibu. Kaa hapo, mbuzi amehama."

Salha akakaa. Akauliza habari za ng'ombe, za mbuzi, za goti la Babu, za mvua, na za goti tena, maana kwenda moja kwa moja kwenye jambo lako mbele ya mzee ni kama kuingia ndani na pikipiki. Hatimaye akasema, "Babu, rekodi ya maziwa ikija asubuhi, unaiona?"

"Naiona. Inalia kifuani, ti!"

"Nawe huibonyezi?"

Babu Lesian akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa mbona halali kichwa chini miguu juu.

"Mimi nianze?" alisema. "Sikiliza. Mzee akisema kwanza, kikao kimekufa. Nikisema maziwa haya ni safi, huyo Gerson hata akiona nzi ndani yake atammeza anyamaze. Wewe si uliwataka mashahidi? Basi waache washuhudie. Vijana waseme walichoona, mimi nifunge. Mzee hufunga kikao."

Lilikuwa neno lenye akili kuliko mkataba wote.

"Kwa hiyo nangoja," aliendelea Babu. "Nangoja mpaka jua linanichoka. Nakula, nazima simu wasinisumbue, nalala kidogo. Nikiamka nakuta wamemaliza, kitufe kimekuwa kijivu kama jivu la jana. Tangu mlete huu mnyororo, mimi sijabonyeza hata siku moja." Akainua kidole gumba chake akakitazama, mithili ya mtu atazamaye jembe jipya ambalo halijawahi kuonjeshwa udongo. "Nikasema labda ndivyo wanavyotaka vijana. Nikanyamaza."

Tazameni basi lilivyokuwa fundo lile! Wadogo wanamngoja mkubwa aanze, kama mezani. Mkubwa anawangoja wadogo wamalize, kama kikaoni. Wote wana haki, wote wana adabu, na katikati yao keni zimesimama juani. Kumwambia Babu aanze ni kumvunjia ushahidi. Kuwaamuru vijana wamtangulie ni kuwafanya watovu wa nidhamu kwa maandishi yasiyofutika. Na siku iliyokuwa mbele yao ilikuwa Jumamosi.

Salha alishuka mjini jioni hiyo kama jeshi lililopigwa. Aliingia nyumbani akavua gambuti, akapita ukumbini kichwa kimeinama, akaanza kuosha uso. Mwanahalima alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele, hakuinua hata macho.

"Ehe," alisema. "Umepita kama upepo wa msalani. Siku hizi tumebadilishana? Au unangoja mimi nikuamkie wewe? Haya, shikamoo, Salha."

Salha akasimama, maji yakimtiririka kidevuni.

"Mama, umesema nini?"

"Nimekuamkia. Si ndivyo unavyotaka? Niitikie basi."

Badala ya kuitikia, Salha alimrukia mama yake akambusu paji la uso, akauchanganya mchele uliokwisha kuchambuliwa na ule ambao haujachambuliwa, na alilolisema Mwanahalima hapo halifai kuingia katika historia.

Jumamosi ikapambazuka, na Meru ikasimama wazi. Kwa ombi la Salha, Babu Lesian alikuwa ameteremka mwenyewe hadi kituoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichofutwa mara tatu, fimbo magotini, simu shingoni. Mbele yake zilijipanga keni, zikimeta kama ngao za kikosi. Wafugaji walisimama nyuma wakiwa na ndoo zao tupu, nao walijua yote, kwa kuwa katika kijiji kile siri ni kitu ambacho hujaambiwa bado. Pudensiana akapima, akaandika, akatuma. Simu nne zikalia, ti! Rekodi ikatokea. Njano.

Na watu wote wakatazama juu, chini na pembeni, isipokuwa kwenye simu.

Hapo Salha akapanda juu ya kreti ya soda, akanena kwa sauti iliyoamsha kuku.

"Enyi mashahidi wa Naserian! Enyi mliokabidhiwa maziwa ya jamii nzima! Nijibuni neno moja tu. Ni nani kati yenu amewahi kumwona Babu Lesian akimwendea kijana na kumwambia shikamoo?"

Minong'ono ikapita. Gerson akautoa muwa mdomoni.

"Haijatokea," alisema. "Na haitatokea."

"Imetokea!" akapaza sauti Salha. "Imetokea kila asubuhi tangu Mnyororo uje! Mnakaa na simu mkononi, mkimkodolea macho mzee wa watu, mkingoja yeye aanze. Yeye aanze! Nani aliwaambia kubonyeza ni kula, kwamba mkubwa anawe kwanza? Kubonyeza ni kuamkia! Mdogo hutangulia na shikamoo yake, mkubwa hufunga na marahaba. Ninyi mmekuwa mkimtaka Babu awaamkie! Wewe Gerson! Wewe Da Pude! Mmekaa kimya mbele ya mtu mzima mpaka amekata tamaa akaenda kulala bila kusalimiwa!"

Gerson akaangusha muwa. Kisha kelele.

"Mama yangu mzazi!" alipiga ukelele Pudensiana. "Mimi? Mimi nimtake Babu aniamkie?"

"Tumekwisha," alisema Gerson. "Na imeandikwa haifutiki."

"Baba mkubwa, mimi sikujua!" alilia Naipanoi. "Walaaniwe walioleta hizi simu!"

Walio karibu na Babu Lesian waliona ndevu zake zikitikisika, na mpaka leo kuna ubishi kama alikuwa akikasirika au akizuia kicheko.

Vidole vikashuka. Pudensiana alibonyeza kwa nguvu ya mtu anayeua kiroboto. Ti! Gerson akabonyeza, akainua simu kwa mikono miwili kuielekeza kwa mzee. Ti! Sasa walikuwa wawili, ikibaki mmoja tu, na Naipanoi, machozi yakimtoka kwa hamu ya kujitakasa, akakiinua kidole chake gumba.

Hapo, na hapo tu, Salha akauona mtego. Wakibonyeza watatu, mlango umefungwa! Kitufe cha Babu kitakuwa kijivu mbele ya kijiji kizima, naye atakuwa ameamkiwa bila kupewa nafasi ya kuitikia, na tusi hilo litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kidole cha Naipanoi kilikuwa kikishuka. Salha akaruka kutoka kwenye kreti, akapita juu ya keni mbili, gambuti likakanyaga maziwa yaliyomwagika, akateleza kwa goti moja katika tope na povu, mkono wake wa kuume umenyooshwa mbele kama wa golikipa. Naye akakidaka kidole kile hewani, umbali wa unywele mmoja juu ya kioo, akakifumbata kwenye kiganja asikiachie.

"Niachie!"

"Usibonyeze!"

"Dakika hii hii umesema tubonyeze!"

"Umechelewa, wawili wametosha! Wa tatu ni wa Babu!"

"Na mimi nisimwamkie baba yangu mkubwa? Unanitenga kwa nini?"

"Mwamkie kwa kichwa, Naipanoi! Kwa kichwa!"

Naipanoi akamwelewa. Akaiweka simu chini, akamsogelea mzee, akainamisha kichwa kama alivyofanya tangu utotoni, naye Babu Lesian akaweka kiganja chake juu ya utosi wake, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akaichukua simu yake kifuani, akaiweka mbali na macho, akaikaza shingo, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

Akabonyeza tena. Kidole kile kilikuwa kimeshika jembe na fimbo miaka mingi kuliko umri wa simu zote duniani. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama kwato, na kioo hakikujua kama kimeguswa na mtu au na gogo. Jua likapanda hatua moja. Keni zikaanza kutoa jasho. Wafugaji wakashika ndoo zao kwa nguvu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, maana nani ashike mkono wa mzee?

Babu Lesian akakitazama kidole. Akakichovya kwenye mfuniko wa keni uliokuwa na maziwa, akakipangusa kidogo kwenye shuka lake, akakishusha polepole, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto mchanga.

"Marahaba," alisema.

Ti!

Kijani! Kijani ya majani ya masika, kijani katika simu zote nne, kijani huko Moshono mezani pa Iqbal! Ndoo zikagongwa kama ngoma, wanawake wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wa mbali wakaitikia. Keni zikapanda gari zikirushwa kama watoto wanaookolewa kwenye mafuriko, na Gerson akateremka mlima huku ameshika usukani kwa mikono miwili, safari hii kwa kweli. Babu Lesian alibaki na kidole hewani.

"Kipo kingine?" aliuliza.

"Kesho, Babu."

"Kesho nikija mapema?"

"Wakishakuamkia."

Wakangoja. Salha alikaa juu ya kreti, goti limeganda tope, simu mapajani, wala hakuna aliyezungumza naye, kwa sababu ushindi wa mlimani si kitu kama umekataliwa bondeni. Gari lilikuwa limefika? Keni zimefunguliwa? Ile pua imeinama juu yake? Hatimaye simu ikalia, naye akaiweka kwenye sauti ya nje ili watu wote wasikie.

"Salha."

"Naam, Bwana Iqbal."

Ikasikika sauti ya mtu akinusa. Kisha sauti ya mtu akionja. Kisha akionja tena, bila kulazimishwa.

"Kesho leteni," alisema Iqbal, akakata.

Kesho leteni! Je, kuna mfalme aliyewahi kuvikwa taji kwa maneno yenye uzito kama hayo mawili? Pudensiana alimbeba Salha begani na gambuti zake zote, akamzungusha kituoni huku akitangaza, kwa ile sauti yake kamili, kwamba tangu milima iumbwe hakuna mwanamke aliyedaka kidole namna ile. Na tangu siku hiyo maziwa ya Naserian huteremka mapema kabla umande haujakauka, na vijana hushindana kuamkia, na mzee hufunga.

Tendo hilo limefungwa katika bloku, bloku imetiwa pingu na nyingine, na hata Meru ikibomoka ubavu wa pili hakuna atakayeifuta. Atakayeifungua atakuta majina ya waliothibitisha maziwa ya Jumamosi ile, kwa mpangilio wa haki na adabu: Pudensiana, Gerson, Lesian. La Salha halimo, kwa kuwa yeye hakubonyeza kitu. Alimzuia mtu kubonyeza, na Mnyororo, pamoja na ujanja wake wote, hauna mahali pa kuandika hilo. Ndiyo maana ilibidi lisimuliwe kwa mdomo.